Kuzuia Maambukizi Katika Zahanati: Mwongozo kwa Vituo Vidogo vya Kilimanjaro na Arusha

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya muuguzi, tabibu au mhudumu wa afya anayefanya kazi katika zahanati au kituo cha afya chenye vyumba vichache, maji ya bomba yanayokatika bila taarifa, na mahitaji mengi kuliko fedha. Hospitali kubwa za Moshi na Arusha zina nafasi ya kupanga watu wa kusimamia kinga na udhibiti wa maambukizi kama kazi yao ya kila siku, lakini katika zahanati kazi hiyo humwangukia yuleyule anayechoma sindano, anayezalisha na anayeandika ripoti ya mwezi. Si jambo dogo la kumtwisha mtu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilieleza kwamba kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa hospitalini, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja wakiwa humo humo hospitalini, na kwamba mmoja kati ya kila 10 wanaoambukizwa hivyo hufariki. Ripoti hiyohiyo ilisema kwamba maambukizi hayo yangeweza kupunguzwa kwa hadi asilimia 70 kwa kuzingatia usafi wa mikono na hatua nyingine zisizo na gharama kubwa.

Nimefundisha mada hii kwa miaka kadhaa, na ninachoamini ni kwamba wahudumu wetu wengi wanajua kinachotakiwa. Kinachowakwamisha ni kwamba kifaa kinachohitajika hakiko pale mkono unapokitafuta. Kwa hiyo hatua zifuatazo nimezipanga kwa kufuata njia ambazo maambukizi hupita ndani ya kituo, nikianza na ile inayopitiwa zaidi.

Hatua ya kwanza: fuata mikono kwa asubuhi moja

Kabla hujaandika barua ya kuomba chochote, chukua daftari, kaa kwenye kona ya chumba cha sindano au cha kufungia vidonda, na uandike kwa mpangilio kila kitu ambacho mikono ya mhudumu inagusa. Waeleze wenzako mapema kwamba unachunguza chumba na wala humchunguzi mtu, kwa maana mtu akijiona anapelelezwa ataigiza kwa saa mbili na kesho yake atarudi alikokuwa.

Niliwahi kukaa hivyo katika zahanati moja ya miteremkoni juu ya Moshi. Muuguzi aliyekuwa zamu, mtu makini na mpole kwa watoto, alikuwa akimfungua mtoto kidonda cha moto mguuni. Akiwa amevaa glovu safi alifungua droo ya meza kutafuta mkasi, akaisogeza nyuma kofia ya mtoto iliyokuwa imemfunika macho, akaizima simu iliyokuwa ikiita mfukoni mwake, kisha akarudi kwenye kidonda na kushika shashi kwa glovu zilezile. Nilipopima kwa hatua, sinki lilikuwa hatua kumi na moja kutoka kitandani, nyuma ya mlango, na mlango ukiwa wazi sinki halionekani kabisa. Mkasi ulikuwa kwenye droo kwa sababu seti ya kufungia kidonda haikuwa na mkasi wake.

Hapo hapakuwa na haja ya semina. Tuliongeza mkasi ndani ya kila seti, tukaweka chupa ya kitakasa mikono juu ya troli yenyewe, tukaweka trei ya simu mlangoni, na tukaugeuza mlango ufungukie upande wa pili. Fundi seremala alimaliza kazi ya mlango kabla ya adhuhuri. Ukimaliza asubuhi yako ya kwanza utakuwa na orodha ya mambo ya namna hiyo, na mengi kati yake utayamaliza kwa nyundo na kalamu ya wino mzito.

Hatua ya pili: hakikisha maji tiririka yapo kila mahali penye mgonjwa

Beseni la maji ya kunawia pamoja lisiwepo kituoni kwa namna yoyote, hata siku ambayo bomba limekauka, kwa sababu mtu wa tatu kunawa humo anajipaka uchafu wa wawili waliomtangulia. Taulo moja ya kufutia mikono inayoning'inia msumarini kutoka Jumatatu hadi Ijumaa ina kasoro hiyohiyo. Ndoo yenye koki na kifuniko, ikiwekwa juu ya stuli na ndoo nyingine chini ya kupokea maji machafu, inatosha kwa chumba kimoja. Nje, karibu na choo cha wagonjwa, kibuyu chirizi kinafaa vizuri kwa sababu mtu anakikanyagia kijiti kwa mguu na hashiki chochote kwa mkono mchafu. Sabuni ya mche ikatwe vipande vidogo na iwekwe juu ya kitu kinachochuja maji, kwa maana sabuni inayolala kwenye maji huota vimelea. Ndoo zioshwe na kukaushwa kila jioni, na mtu mmoja ajulikane kwa jina kwamba yeye ndiye anayezijaza asubuhi.

Kitakasa mikono chenye kilevi ni msaada mkubwa pale ambapo maji ni ya shida, ilimradi mikono isiwe na uchafu unaoonekana. Shirika la Afya Duniani lilitoa fomula ambayo famasia ya hospitali inaweza kuitengeneza: kwa lita 10, ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupozwa, au maji yaliyokenekwa, hadi kufikia lita 10. Mchanganyiko huachwa saa 72 kabla ya kutumika ili peroksaidi iue mbegu za bakteria zilizoingia kupitia kimiminika au chupa. Kazi hii ni ya mfamasia, mbali na moto, na zahanati ipokee kitakasa kilichokwisha kutengenezwa. Pombe kali za dukani zenye kilevi cha asilimia 35 au 40 hazifai kabisa, kwa sababu ili kiue vimelea ipasavyo kilevi kinatakiwa kuwa asilimia 60 kwenda juu, na fomula hii inafikia asilimia 80.

Hatua ya tatu: nawa kwa wakati wake

Nyakati ni tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, kama vile kuweka kanula (mrija mwembamba wa kwenye mshipa) au kufungua kidonda, baada ya kugusa, au kuhofia kuwa umegusa, damu na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka, hata kama yeye mwenyewe hukumgusa. Wakati wa pili ndio unaosahaulika kuliko yote, nami naona sababu yake ni kwamba wakati wa tatu na wa nne mhudumu anajilinda yeye, na wakati wa pili anamlinda mwingine.

Kwa sabuni na maji, kazi nzima ichukue sekunde 40 hadi 60. Kwa kitakasa, sekunde 20 hadi 30, ukisugua mpaka mikono ikauke yenyewe. Usisahau vidole gumba na ncha za vidole, maana ndizo zinazomgusa mgonjwa kwanza. Kucha ziwe fupi, na pete na saa zibaki nyumbani au mfukoni.

Mara nyingi huulizwa kama mikono ichovywe kwenye klorini. Swali hili lina historia, kwa sababu Ignaz Semmelweis, daktari aliyefanya kazi katika wodi ya wazazi mjini Vienna, aliwaagiza madaktari mwaka 1847 wanawe kwa maji ya chokaa yenye klorini wakitoka kupasua maiti, na vifo vya wazazi kutokana na homa ya uzazi vikashuka kwa kiasi kikubwa. Lakini klorini hupasua ngozi, na ngozi iliyopasuka huhifadhi vimelea na kumfanya mhudumu aogope kunawa. Leo tuna sabuni na kitakasa, basi klorini tuibakishe kwenye sakafu na nyuso za vitu.

Glovu hazichukui nafasi ya kunawa. Zivaliwe kwa mgonjwa mmoja na kwa kazi moja, zivuliwe, na mikono isafishwe tena, kwa sababu glovu hupata vitobo visivyoonekana na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Kuosha glovu za matumizi ya mara moja ili zitumike kwa mgonjwa anayefuata ni hatari kwa wote wawili.

Hatua ya nne: sindano na vitu vyenye ncha kali

Hapa nitasema lililonipata. Nikiwa mwaka wa pili kazini, usiku, katika kituo ambacho sefti boksi yake, yaani boksi gumu la kutupia sindano zilizotumika, ilikuwa imejaa hadi mdomoni, nilimaliza kumchoma mgonjwa sindano, nikakosa pa kuitupa, nikajaribu kurudishia kifuniko chake ili niiweke mezani mpaka asubuhi. Ikanichoma kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Nilikibinya kidole, nikakichovya kwenye klorini, nikanyamaza hadi asubuhi kwa kuogopa kugombezwa na mfawidhi, mkuu wa kituo. Katika mambo hayo yote hakuna hata moja nililofanya sawasawa, na majuma yaliyofuata ya kusubiri vipimo simtakii mtu yeyote.

Sindano isirudishiwe kifuniko, isipindwe, wala isitenganishwe na bomba kwa mkono. Sefti boksi iwe mahali ambapo mkono unaotoka kuchoma unaifikia bila mhudumu kupiga hatua, iwe kwenye usawa wa kiuno, na ifungwe ikifika robo tatu. Chora mstari wa robo tatu kwa wino mzito siku unapoikunja, kwa sababu robo tatu ya kukadiria kwa macho huongezeka kila siku. Boksi ya akiba ikae chumbani humohumo, isifungiwe stoo ambayo ufunguo wake umeondoka na mtu wa mchana.

Mtu akichomwa, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji tiririka bila kubinya wala kusugua, wala asiweke klorini au spiriti. Damu ikiruka machoni, yaoshwe kwa maji safi mengi. Kisha atoe taarifa palepale, ili yeye na mgonjwa, kwa ridhaa yao, wapimwe, na dawa za kinga dhidi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, vyema ndani ya saa chache, na zisizidi saa 72. Hutumiwa kwa siku 28 bila kukatiza. Kwa mchomo wa sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban 3 katika 1,000. Kwa homa ya ini aina ya B unaweza kufikia 30 katika 100 kwa mtu asiyechanjwa. Kwa hiyo kila mtumishi, akiwemo mama wa usafi na anayechoma taka, achanjwe dozi tatu za homa ya ini B kabla ya kupangiwa kazi. Mfawidhi naye atangaze mbele ya watumishi wote kwamba anayetoa taarifa ya kujichoma hatalaumiwa, na alitimize neno hilo.

Kwa dawa za vichupa vya dozi nyingi, sindano mpya na bomba jipya kila unapochota, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe kwenye kichupa. Usiiache sindano ikiwa imechomekwa kwenye kifuniko cha kichupa.

Hatua ya tano: changanya klorini kwa vipimo

Klorini ya maji inayouzwa madukani kwetu, kama JIK, mara nyingi ina nguvu ya asilimia 3.5, soma lebo kwanza, na utazame tarehe. Kupata asilimia 0.5, inayotumika penye damu, unachanganya sehemu moja ya klorini na sehemu sita za maji. Ili kuondoa ubishi, chukua ndoo ya lita 10, pima maji kwa chupa ya lita moja, na uchore mstari kwenye lita 6 na mwingine kwenye lita 7. Kila asubuhi mhusika anajaza maji hadi mstari wa chini, anaongeza klorini hadi mstari wa juu, basi. Ndoo hiyohiyo inakupa pia asilimia 0.1 kwa ajili ya nyuso za kawaida: weka mililita 200 za klorini, kisha maji hadi mstari wa lita 7.

Mchanganyiko hupoteza nguvu kwa joto na mwanga, hivyo ufunikwe, ukae kivulini, na umwagwe mwisho wa siku. Usichanganywe kamwe na dawa za choo zenye asidi wala zenye amonia, kwa maana mvuke unaotoka hapo unaweza kuua. Vilevile klorini haifanyi kazi juu ya uchafu. Damu iliyomwagika ifutwe kwanza kwa kitambaa au karatasi za kunyonya, mhudumu akiwa amevaa glovu nzito, paoshwe kwa sabuni na maji, ndipo klorini ya asilimia 0.5 ipakwe na iachwe dakika 10.

Hatua ya sita: vyombo, na suala la mwinuko wetu

Wengi wetu tulifundishwa kuzamisha vyombo vyenye damu kwenye klorini dakika 10 kabla ya kuviosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu usafishaji wa vifaa tiba haupendekezi tena jambo hilo, kwa sababu damu humaliza nguvu ya klorini, klorini hula chuma hadi makoleo na mikasi ikapata kutu kwenye maungio, na zaidi ya yote mwoshaji hudhani vyombo vimekuwa salama na hujisahau. Ninajua mazoea haya ni magumu kuyaacha, hasa kwa sisi tuliofanyia mtihani. Yazungumzeni kituoni na msimamizi wenu wa wilaya ili wote mwende pamoja.

Utaratibu ni huu. Mara kazi inapokwisha, futa damu, weka vyombo kwenye chombo chenye mfuniko, na uviache na unyevu wa maji na sabuni ili damu isikaukie. Mwoshaji avae glovu nzito za mpira, aproni na kinga ya macho, afungue maungio yote, na asugue kwa brashi akiwa amekizamisha chombo chini ya maji ili matone yasimrukie usoni. Suuza, kausha, kagua kwenye mwanga. Kifungue kila koleo na ulitazame kwenye meno. Ukiona weusi hapo, rudi kwenye brashi. Chombo ambacho hakijatakata hakitakasiki hata kwa moto wa saa nzima, maana uchafu huwa ngao ya vimelea.

Kwenye otoklevu, yaani mashine ya kutakasa vyombo kwa mvuke wenye shinikizo, joto la nyuzi 121 hudumu dakika 20 kwa vyombo visivyofungwa na dakika 30 kwa vilivyofungwa, na dakika huhesabiwa kuanzia joto linapofika, si kuanzia moto unapowashwa. Hewa ya ndani itolewe kwanza, kwa sababu hewa iliyonaswa huzuia mvuke kufika penye chombo.

Sasa niseme jambo linalotuhusu sisi wa milimani. Vitabu huandika nyuzi 121 sambamba na kipimo cha shinikizo cha paundi 15 kwa inchi ya mraba, na hiyo ni hesabu ya pwani. Geji ya kawaida husoma tofauti kati ya ndani ya sufuria na hewa ya nje, na hewa ya huku juu ni nyepesi. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ili mvuke ufike nyuzi 121 geji inapaswa kusoma takriban paundi 17. Moshi mjini iko chini zaidi na inahitaji nyongeza ndogo, lakini vijiji vya juu kama Marangu na Kibosho viko juu ya mji. Mtu anayesimamisha mshale kwenye 15 akiwa Arusha anapika kwa nyuzi pungufu huku daftari likionyesha kwamba kila kitu kimekwenda sawa. Tumaini kipimajoto kuliko geji kama mashine inacho, usivuke kikomo cha mtengenezaji, na mwite fundi wa vifaa tiba wa wilaya aihakiki mashine mahali ilipo. Kuchemsha kwenye sufuria kuna udhaifu huohuo, kwani maji ya Arusha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na hata pwani kuchemsha hakuui mbegu za bakteria kama zile za pepopunda.

Utepe wa otoklevu ukibadilika rangi unakuambia tu kwamba kifurushi kimepita kwenye joto. Haukuambii kilikaa muda gani. Kifurushi kilichotoka na maji, kilichochanika au kilichoanguka sakafuni kirudiwe upya.

Hatua ya saba: sakafu, vitanda na vitasa

Anza pasafi uelekee pachafu, na anza juu ushuke chini. Usifagie wodi kwa ufagio mkavu, kwani vumbi hupanda na vimelea vyake. Vitasa, swichi, kingo za vitanda, meza za wagonjwa na koki vipanguswe angalau mara moja kila siku, na mara nyingi zaidi katika leba.

Siku moja nilimsalimia mama wa usafi aliyekuwa akipiga deki chumba cha chanjo, nikamuuliza, "Mama, dekio hili limetoka wapi?" Akanijibu bila kusita, "Limetoka leba, mwanangu, ndilo tulilo nalo." Hakuna aliyekuwa amemwambia, na aliyepaswa kumwambia ni mimi na wenzangu tuliokuwa na mwongozo kabatini. Leba, vyoo na vyumba vingine kila kimoja kiwe na dekio lake, mpini upakwe rangi yake, na yote yaoshwe na kuanikwa juani baada ya kazi. Mama wa usafi aalikwe kwenye kila mafunzo na apewe glovu nzito na viatu vya mpira kabla ya kupewa dekio.

Hatua ya nane: acha hewa ipite

Kifua kikuu na surua husafiri kwa hewa, na hapa hakuna kunawa kutakakosaidia. Wagonjwa wasubiri barazani kwenye benchi za nje, siyo kwenye korido. Anayekohoa aulizwe mapema, apewe barakoa, atangulizwe kuonwa. Tabibu akae upande ambao upepo unatokea, ili hewa ipite kwake kwanza ndipo impitie mgonjwa na kutoka nje. Mhudumu anayemkaribia mgonjwa wa kifua kikuu anahitaji barakoa ya N95 inayobana vizuri usoni, kwa maana ile ya upasuaji huzuia matone ya anayeivaa tu.

Shida yetu kubwa ni miezi ya Juni na Julai, baridi inaposhuka kutoka mlimani na kila mtu akafunga madirisha. Hiyo ndiyo miezi ya kuyaacha wazi, na kuwapa wagonjwa mablanketi. Uhusiano na Hospitali ya Kibong'oto wilayani Siha, ambayo imetibu kifua kikuu tangu enzi za ukoloni, ni mali kwa zahanati za ukanda huu. Tumieni simu mkiwa na mgonjwa mnayemtilia shaka.

Hatua ya tisa: taka zisiteremke mlimani

Taka zitenganishwe palepale zinapozaliwa, kwa sababu hakuna anayepaswa kuzichambua baadaye kwa mkono: nyekundu kwa zenye maambukizi makali kama kondo la nyuma na vitu vilivyolowa damu, njano kwa glovu na shashi zilizotumika, nyeusi au bluu kwa karatasi na maganda ya chakula. Sefti boksi ziende kwenye tanuri la kuchomea taka zikiwa zimefungwa, na tanuri lizungushiwe uzio wenye kufuli.

Shimo la kondo la nyuma lataka mawazo zaidi katika nchi ya mifongo, yaani mifereji ya kienyeji ya maji. Maji yetu hushuka kwa mfereji kupita migombani na nyuma ya nyumba za watu, na kinachovuja juu hunywewa chini. Shimo liwe umbali wa mita 50 au zaidi kutoka kwenye kisima, chemchemi au mfongo, sakafu yake iwe angalau mita 2 juu ya maji ya ardhini, lijengewe kuta, na mdomo uwe na mfuniko mzito. Kabla ya kuchimba, zungumza na wazee wanaosimamia mfongo; wao wanajua maji hupita wapi masika, hata mahali ambapo kiangazi pamekauka.

Hatua ya kumi: mgonjwa asiyejulikana ana nini

Tanzania ilipata mlipuko wa virusi vya Marburg mkoani Kagera mwaka 2023, na tena mwaka 2025, na katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wahudumu wa afya zaidi ya 800 waliambukizwa. Anayemuona mgonjwa wa kwanza kwa kawaida hajui anachokiona. Kwa hiyo kila mwenye homa aulizwe mlangoni ametoka wapi katika siku 21 zilizopita na kama amemuuguza au kumzika mtu aliyekufa kwa homa. Jibu likitia shaka, mweke kwenye chumba chake peke yake, punguza wanaoingia, usichukue damu ovyo, na mpigie Mganga Mkuu wa Wilaya. Mgonjwa huyo aongeleshwe kwa upole na apewe maji na chakula kama mwingine yeyote.

Hatua ya mwisho: hesabu, kisha bandika

Mara moja kwa mwezi rudi kwenye kona yako ya chumba cha sindano na uhesabu nafasi za kunawa zilizojitokeza na zile zilizotumika. Nafasi zikiwa 40 na mikono ikasafishwa mara 14, kiwango chenu ni asilimia 35. Andika pia vidonda vya upasuaji au vya uzazi vilivyotunga usaha, watumishi waliojichoma, na siku ambazo maji hayakutoka. Mtagundua haraka kwamba safu hizo zinafuatana. Majina ya watu yasiandikwe.

Karatasi ya matokeo ibandikwe juu ya sinki, mahali ambapo mgonjwa naye anaisoma, na wagonjwa waambiwe asubuhi barazani kwamba wana ruhusa ya kumuuliza mhudumu kama amenawa. Mwanzoni watumishi wengine waliliona kama dharau, hasa likitoka kwa kijana kwenda kwa mtu mzima, basi tukakubaliana kwamba swali litaulizwa baada ya salamu na kwamba jibu litakuwa moja kwa wote. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake kuchanjwa ndiye aliyeuliza wa kwanza: "Shikamoo daktari, umenawa?" Daktari, ambaye kwa umri alikuwa sawa na mwanawe, alishtuka kwa shikamoo ile kuliko kwa swali, akamwamkia yeye kwa heshima, akasema "Ahsante kunikumbusha, bibi," akaenda kwenye ndoo na kunawa huku bibi akimtazama mpaka mwisho.